Mwongozo kwa Shujaa wa Pilipili

Kwanza tuulizane, shujaa: unampikia nani? Kama uko peke yako nyumbani, tafuna pilipili mbuzi mbichi mpaka jasho likutoke, hakuna atakayekuzuia. Lakini kama chungu hicho kitaliwa na mama mkwe, mtoto wa miaka minne na mgeni mwenye vidonda vya tumbo, shusha kifua. Mchuzi unaomezwa na mpishi peke yake haujapikwa, umetegwa.

Nasema hivi kwa kuwa naipenda pilipili mbuzi. Ina harufu ya matunda ambayo pilipili kichaa haina, na wanaoshindania ukali hawajawahi kuipata: pua haijaanza kazi, ulimi umeshaungua.

Basi chukua moja iliyoiva, nzima, yenye kikonyo, isiyo na ufa hata kidogo. Tui likishachemka na moto umepunguzwa, iweke juu ya mchuzi ielee. Usiitoboe, usiikandamize kwa upawa. Koroga pembeni, kama unayempisha mtu aliyelala. Baada ya kama robo saa harufu imeshaenea chungu kizima. Ishike kikonyo, itoe, iweke kwenye kibakuli mezani. Anayetaka moto aiminye kwenye sahani yake mwenyewe. Ikipasuka humo humo, na hupasuka ukienda kupokea simu, ongeza tui, ongeza viazi, na waambie watu kabla hawajanawa mikono. Kunyamaza ukisubiri kuwaona wakitoa machozi si ushujaa.

Ukitaka kuikata, acha kuhangaika na mbegu. Ukali unatengenezwa kwenye utando mweupe unaoshikilia mbegu. Mbegu zenyewe huwasha kwa sababu zimeugusa. Ukwangue kwa kijiko. Kisha mikono: kapsaisini, kitu kinachowasha, haitoki kwa maji matupu, ila huyeyuka kwenye mafuta. Jipake mafuta ya kula kwanza, ndipo unawe kwa sabuni. Fanya hivyo kabla ya kugusa jicho, kabla ya kumnawisha mtoto, na kabla ya kwenda msalani. Safari hiyo ya mwisho mashujaa huwa hawaisimulii barazani.

Ukiikaanga, fungua madirisha. Moshi wake hauchagui nani alitaka pilipili na nani hakutaka.

Sasa twende kwenye tarakimu, maana najua ndizo unazozipenda. Mwaka 1912 mfamasia wa Marekani, Wilbur Scoville, alibuni kipimo cha ukali kwa kuzimua kiini cha pilipili kwa maji ya sukari mpaka waonjaji wasihisi muwasho. Kwa kipimo hicho pilipili hoho ni 0, na habanero, ndugu wa pilipili mbuzi, huwa kati ya 100,000 na 350,000. Mwaka 2023 Guinness waliitambua Pepper X ya Ed Currie, mkulima wa South Carolina, kwa wastani wa 2,693,000. Naona umeshaanza kuuliza mbegu zinapatikana wapi. Za nini? Pilipili mbuzi moja inatosha chungu cha watu wanane, na harufu yake unaijua.

Na mlaji akilalamika kwamba anaungua, usimwambie anadeka. David Julius, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2021 pamoja na Ardem Patapoutian, alionyesha kwamba kapsaisini huamsha kipokezi kile kile cha mishipa ya fahamu kinachotambua joto la hatari, kuanzia kama nyuzi 43. Mwili wake kweli unamwambia kuna moto. Kumcheka mtu wa namna hiyo mezani kwako ni utovu wa adabu. Mpe maziwa au mtindi, kwa sababu kaseini iliyomo huikamata kapsaisini na kuiondoa ulimini; maji huitembeza tu mdomo mzima.

Pilipili zilizobaki zisage na ndimu, chumvi na kitunguu saumu, zichemshe kidogo, zitie kwenye chupa safi na uihifadhi kwenye friji. Bandika karatasi iliyoandikwa PILIPILI kwa herufi kubwa, hasa kama ulitumia zile za njano. Kuna watoto nyumbani, na wanapenda juisi ya embe.