Muulize Bi. Kasha: Mke wa Sultani na Mashaka Mengine ya Wageni wa Unguja

Msimu wa wageni umeingia, boti zinashusha watu, na droo yangu ya barua haifungi. Hakuna anayeuliza njia ya Kizimkazi kutazama pomboo, wala bei ya ziara ya mashamba ya viungo. Shida yao wote ni moja: wamekuja Mji Mkongwe siku chache, wameona fanicha ya kale, na akili imewaruka. Nitawajibu kwa kadiri ya subira yangu, ambayo nayo ni ya kale na imeanza kubunguliwa.

*Shikamoo Bi. Kasha. Mimi ni mwalimu kutoka Nakuru, nimekuja Unguja kwa fungate. Katika duka moja la mtaa wa Gizenga nimeona kasha la njumu ambalo muuzaji anasema lilikuwa la mke wa Sayyid Barghash. Tangu nilione sipati usingizi. Bei anayotaka ingelipa karo ya watoto wawili, na sisi hata mmoja hatujapata. Nifanyeje? — Aliyepagawa*

Marahaba, mwanangu. Mpe mumeo pole kwanza. Fungate ya watu wawili imeingiliwa na wa tatu mwenye misumari ya shaba.

Sayyid Barghash alitawala kuanzia 1870 hadi 1888. Ukihesabu makasha yaliyokwisha kuuzwa Gizenga na Hurumzi kwa jina la wakeze, marehemu angelazimika kuwajengea mji wa pili. Huyo bibi tumweke kando, tutazame mbao.

Rudi dukani asubuhi mapema, kabla makundi ya wageni hayajaanza kupita, na usilitazame kasha usoni. Uso ndio uliokupagawisha. Mwombe muuzaji mliinamishe mtazame kitako. Mbao za chini huwa hazikupigwa msasa, kwa kuwa fundi hakutarajia mgeni azione. Msumeno wa mkono huacha mikwaruzo iliyonyooka isiyolingana. Msumeno wa mviringo wa mashine huacha alama zilizopinda, zote za kipimo kimoja. Kisha tazama skrubu za bawaba. Zile zenye msalaba kichwani zilipewa hataza Marekani katika miaka ya 1930, Barghash akiwa kaburini karibu nusu karne. Ukikuta moja au mbili, usilaumu; fundi wa miaka ya sabini alikuwa na haki ya kukaza bawaba iliyolegea. Ukikuta zote ni hizo, basi mke wa Sultani alikuwa hai mpaka juzi.

Vuta droo za chini. Kasha lililotumika huwa na njia za droo zilizolika, tena zimelika zaidi upande mmoja, maana hakuna mwanadamu anayevuta droo sawasawa kwa miaka hamsini. Tazama nyuma ya mabamba ya shaba kama kuna palipoachia: chini ya bamba la zamani mbao ina rangi tofauti na pembeni, na mahali misumari iliyong'oka ilipokuwa pamebaki vitundu vyeusi. Halafu fungua kifuniko, uinamishe kichwa, unuse. Msaji wa zamani una harufu ya mafuta, vumbi na nguo za watu. Mafundi wa kuzeesha hupaka chai ya rangi iliyokolea na dawa ya viatu, kwa hiyo ukisikia harufu ya gwaride la polisi, funga kifuniko taratibu.

Ukiwa bado umo ndani, papasa kile kisanduku kidogo cha pembeni. Mafundi walipenda kuficha humo mahali pa siri pa kuwekea vito: ubao unaoteleza, au kitako cha uongo. Ukipata, usipige ukelele. Bei itapanda hapo hapo.

Na jambo ambalo wauzaji hawalisemi kwa sababu linapunguza utamu: mengi ya makasha tunayoyaita ya Kizanzibari yalikuja na majahazi ya kaskazi kutoka Surat na Bombay. Ya Unguja yapo, na mafundi wa hapa bado wanayatengeneza, mazuri kabisa. Kasha jipya kwa bei ya kasha jipya ni ununuzi wa heshima. Kasha jipya kwa bei ya marehemu Sultani ni sadaka, na sadaka ina watu wanaoistahili zaidi.

Ukiridhika na mbao, mwambie muuzaji hivi: «Nataka kasha tu, huyo bibi nakuachia.» Uone bei inashuka mpaka wapi.

*Bi. Kasha, eti ukiingia duka la vitu vya kale umevaa kaptula bei inapanda? — Mtalii wa Ndani*

Ndiyo. Ukivaa suruali pia.

*Habari za kazi Bi. Kasha. Nimepanga chumba Kinondoni na mali yangu yote ni ndoo na godoro. Nakuja Unguja wikendi na nataka vitu vya kizamani vyenye sura, lakini kwa bei ya mnyonge. Nimezunguka Shangani yote mara ya mwisho nikatoka na sumaku ya friji. Mnaficha wapi? — Ndoo na Godoro*

Hatufichi, kijana wangu. Umezunguka upande usio wako wa barabara.

Shangani na Hurumzi ni mahali pa kutazamia. Kila kilichomo madukani kule kimekwisha kusafishwa, kimepewa babu, kimewekewa bei ya dola. Wewe vuka Barabara ya Creek, ile ambayo siku hizi kwa jina rasmi ni Benjamin Mkapa, uingie Ng'ambo. Tembea mpaka Michenzani, kwenye yale majumba marefu yaliyojengwa kwa msaada wa Wajerumani Mashariki baada ya Mapinduzi. Watu wa huko wananunua sofa seti zenye mito mikubwa, na sofa inapoingia mlangoni, kitu kingine hutoka. Kinachotoka ndicho chako: kabati la vyombo lenye vioo vya kuteleza, meza ya kuvalia yenye vioo vitatu, kiti cha mkono cha mninga kilichokalika mpaka kimeng'aa, redio kubwa isiyosema tena, karabai, mbuzi ya kukunia nazi ambayo mguu wake umechongwa na mtu aliyekuwa na nafasi, sinia na bakuli za enameli zenye maua. Wenyewe wanaziita takataka. Hakuna aliyekwisha kuzitungia hadithi, na hadithi ndiyo kitu ghali kuliko vyote Mji Mkongwe.

Usiulize madukani. Muulize hamali wa mkokoteni, kwa sababu yeye ndiye anayejua nani anahama na nani ameletewa friji mpya. Muulize fundi seremala, ambaye daima ana kiti cha mtu aliyekileta kutengenezwa akakitelekeza. Kaa barazani baada ya Alasiri, salimia, usianze na biashara. Na kama unaweza kuchagua wakati, njoo mwisho wa Ramadhani. Kabla ya Idi nyumba nzima hupakwa chokaa, mapazia hubadilishwa, na samani zilizochusha macho hutolewa uani zisubiri bahati yake. Bahati yake ni wewe.

Ukikaribishwa ndani, vua viatu, kunywa chai utakayopewa, na usimpigie bibi kizee bei ya kitu cha mamake mbele ya wajukuu. Akikwambia hakiuzwi, hakiuzwi. Kuna wageni wanaolichukua hilo kuwa ndio mwanzo wa mazungumzo; wasikufundishe tabia.

Kabla hujatoa pesa, gonga miguu ya kiti sakafuni. Ukiona unga laini umeanguka, bungua bado wapo na kodi hawalipi. Si lazima ukiache, fundi ana dawa, lakini ni sababu nzuri ya kupunguziwa. Kiti cha kusukwa kichunguze kwenye kona za kamba kama kuna kunguni. Chochote chenye foronya, godoro au mto, kiache hukohuko hata kama ni bure. Hasa kama ni bure.

Kuvusha ndiko kunakowashinda wengi. Boti ya abiria haina mapenzi na makabati. Nunua kinachofunguka, au ukubaliane na wenye majahazi, na uandikiane na muuzaji karatasi yenye jina la kitu na bei, kwa maana ukishuka Dar watu wa forodha wana maswali. Ukifika, kipeleke Keko. Mafundi wa Keko watakukazia viungo na kukupigia msasa kwa hela ndogo, mradi usimame hapo hapo, la sivyo watakipaka vanishi nyekundu ya kung'aa wakidhani wanakufanyia hisani.

*Assalaam aleikum Bi. Kasha. Naandika kutoka Maskati. Bibi yangu aliondoka Unguja mwaka 1964 akiwa msichana, na mpaka leo husimulia kiti cha enzi cha babake kilichokuwa barazani Malindi. Nilipokuja mwezi uliopita nilikiona kimoja dukani kinachofanana kabisa na maneno yake. Nakusudia kurudi kukinunua. Nifanye haraka? — Mjukuu*

Waaleikum salaam, mwanangu. Na wewe nisalimie bibi, mwambie Malindi ipo.

Familia nyingi zilitoka mwaka ule na kilichobebeka mikononi, na kiti cha enzi hakibebeki mikononi. Wengine walifika Oman baadaye, Sultani Qaboos alipowafungulia milango baada ya 1970. Viti vilibaki, vikahama nyumba, vikaingia madukani. Kwa hiyo unachokisema kinawezekana. Ila viti vya enzi vinafanana vyote, hiyo ndiyo desturi yake: mpingo, mgongo ulionyooka usiomruhusu mtu kulegea, kamba zilizosukwa, ubao wa kuwekea miguu, na njumu za mfupa au pembe. Vya Lamu, Pate na Siyu ndivyo vilivyosifika zaidi.

Usimwambie muuzaji habari za bibi. Ukimwambia, kesho viti vyote vya mtaa ule vitakuwa vya babu yako. Ingia kama mnunuzi yeyote, omba ruhusa ya kupiga picha, upige picha za kasoro tu: mguu ulioungwa, kipande cha njumu kilichodondoka, mahali mkono ulipolika. Mtumie bibi bila maelezo. Mtoto aliyekulia nyumbani alichezea chini ya kiti kile, hakukaa juu yake. Uzuri wake atausahau, lakini ufa wa chini ataujua.

Kisha tazama njumu kwa lenzi. Mfupa una vitundu vidogo vyeusi. Pembe ya ndovu, ukiitazama pale ilipokatwa kwa kukingama, ina mistari myembamba inayokatana. Ikiwa ni pembe, simama. Biashara yake ya kimataifa ilipigwa marufuku na nchi za mkataba wa CITES mwaka 1989, na kuivusha mpaka bila vibali kunaweza kukupotezea kiti na uhuru pamoja, hata kama ndovu mwenyewe alikufa kabla ya babu yako kuzaliwa. Pata vibali kwanza, haraka baadaye.

Na bibi akitazama picha akasema sicho, mwamini. Usimnunulie cha kumfariji. Atakikalia kwa adabu na kila siku atajua.

*Bi. Kasha, mimi ni mkandarasi Arusha, namjengea mtu hoteli. Kijana mmoja ananiambia anaweza kunipatia mlango wa kale wa kuchonga, ila uchukuliwe usiku. Bei ni nzuri sana. Ushauri? — Mjenzi*

Mlango unaotoka usiku umeacha nyumba wazi asubuhi. Unajua jibu, ndiyo maana umeniandikia mimi hukumwandikia wakili.

Mji Mkongwe umo katika Orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, na milango yake ni sehemu kubwa ya sababu. Hata kwenu Bara, Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 iliitaja milango na fremu zilizochongwa kabla ya 1940 kuwa ni vitu vinavyolindwa. Kwa hiyo kijana huyo hakuuzii mlango, anakuuzia kesi.

Agiza mpya. Wachongaji wapo, wanafanya kwa mninga, kwa mvule, kwa mfenesi, na ukiwapa muda watakuchongea minyororo na maua pembezoni mpaka mwenye hoteli alie. Chagua mwenyewe kichwa cha mraba au cha upinde. Ukitaka ile miiba mikubwa ya shaba, waambie. Inasemekana huko India iliwekwa kuwazuia ndovu wa vita wasisukume milango. Unguja haijapata kuwa na kazi, lakini Arusha walau ndovu wapo jirani.

*Bi. Kasha, mke wangu alikuja Unguja na wenzake akarudi na kitanda cha besera, nguzo nne, vioo vilivyochorwa maua kichwani na miguuni. Anasema kilikuwa rahisi mno kukiacha. Tunakaa ghorofa ya tatu South B, Nairobi, na kitanda kimekwama kwenye ngazi tangu Jumanne. Jirani wa ghorofa ya pili anapitia chini yake akienda kazini. — Mume Aliye Nje*

Shusheni. Mlikuwa mnakipandisha kizima, jambo ambalo hata waliokitengeneza hawakulifanya. Kitanda cha aina hiyo hufunguka chote: nguzo huchomoka, mbavu zimeshikwa kwa bolti au kabari, vioo vimo kwenye mifereji. Kabla ya kufungua, andikeni namba kwa chaki kila mahali panapoungana, moja na moja, mbili na mbili, kwa sababu kila kiungo kilitoboliwa kwa mkono na hakikubali mwenzi mwingine. Vioo vitoke kwanza, vifungwe kwa kanga. Kama kuna bolti iliyoshika kutu, tieni mafuta ya taa, subirini mpaka kesho, msigonge nyundo.

Kikishasimama, mtagundua mambo mawili. La kwanza ni urefu wake kutoka chini. Mtahitaji kigoda cha kupandia, na yule asiye na desturi ya kuamka kwa utaratibu alale upande wa ukutani. La pili ni kwamba hakuna godoro la dukani linaloingia, maana fundi alipima kwa dhiraa zake mwenyewe. Itabidi likatwe la kuagiza.

Gharama ya godoro mwachie mkeo. Yeye ndiye aliyesema kitanda kilikuwa rahisi.