Ukoka wa Kununua

Kwa mama mkwe wangu, nyasi zikisogelea msingi wa nyumba maana yake ni moja kati ya mbili: nyumba haina mtu, au ina mtu mvivu. Kwao Muheza, Tanga, ua hufagiliwa kila alfajiri kwa fagio la chelewa mpaka udongo unabaki na michirizi, na hata kuku akipita asubuhi hiyo unaona kabisa alikoelekea. Nyoka haji, hana pa kujificha. Mkazamwana anayelala mpaka jua linatoka na ua haujafagiliwa, habari zake hufika kisimani kabla ya ndoo yake.

Sasa mtu wa malezi hayo umlete kaskazini mwa Dallas, Texas, kwenye mtaa wenye chama cha wenye nyumba.

Chama chenyewe si cha hiari. Ukinunua nyumba mtaani humo umeshaingia, ada inakusubiri pamoja na funguo, na masharti yake ni kitabu. Rangi ya mlango ina kifungu chake. Pipa la taka lina saa yake ya kutoka na saa yake ya kurudi. Ila kurasa nyingi ni za nyasi: sharti ziwepo, ziwe kijani, zisivuke urefu uliowekwa, na pale zinapokutana na njia ya miguu zikatwe zinyooke kama kwa rula. Ukali huu Wamarekani hawakuuanza jana. Levittown, kitongoji kilichoanza kujengwa Long Island, New York, mwaka 1947, kilimtaka kila mwenye nyumba akate nyasi walau mara moja kwa wiki msimu wa joto, asijenge uzio, wala asianike nguo nje Jumamosi na Jumapili. Nilipomsimulia mama hilo la nguo alicheka mpaka akajifuta machozi kwa pindo la kanga, kisha akaniuliza kwa sauti ya chini kama watu hawa wana kazi.

Alikuja mwezi wa tano kumwona mjukuu. Siku za mwanzo usingizi ulikuwa unamkatikia saa tisa za usiku, na saa tisa za usiku Dallas, Muheza ni saa tano asubuhi. Kwa hesabu yake, mtu aliyelala saa tano asubuhi ni mgonjwa. Basi akashika njia mpaka gereji, akapekua, akaibuka na kijembe chembamba cha kupalilia maua, ambacho mwenye nyumba wa zamani alikiacha ukutani.

Nilipotoka kwenda kazini nilikuta chini ya madirisha ya mbele, kona hadi kona, udongo mtupu. Umelimwa, umesawazishwa, umefagiliwa. Ukoka umerundikwa pembeni, mizizi imekung'utwa vizuri isije ikashika tena.

"Nimewasaidia kidogo, baba," akasema. "Ungeingia mpaka chumbani huu."

Na ulikuwa ukoka kweli, hakukosea. Ndio uleule ambao mkulima wa Tanga akiacha kipande cha mzizi shambani, baada ya mvua moja anaanza palizi upya. Huku unaitwa Bermuda, na watu wanaununua. Dukani ziko mbegu zake kwenye mifuko, na ulioota tayari unaletwa na lori, umeviringishwa kama mkeka, ukilipa unakuja kutandikiwa. Mama alipoelezwa kwamba nyasi zile alizong'oa zililipiwa fedha, alinitazama kwa huruma, kama anayetafakari alimkabidhi binti yake mtu wa namna gani.

Mkwe naye haambiwi amekosea. Nikasema shikamoo, mama, ahsante sana, pole kwa kazi. Mke wangu alikuwa dirishani akiuma kitambaa asicheke kwa sauti. Msaada wowote hakutoa.

Udongo uliofukuliwa haukai bure. Zikanyesha mvua za mwezi wa tano, na pale palipokuwa na ukoka pakachipua mchicha. Hakuna aliyeupanda. Texas unaota wenyewe, jamii mbalimbali, na wakulima wa pamba wanauchukia kuliko magugu yote, maana mmoja wa jamii hizo umezoea dawa na ukipuliziwa unaendelea kunenepa. Mama alichuma jani, akalipindua, akalinusa, akaangalia mshipa wake. Akatangaza kwamba ni wa porini lakini ni wa ukoo. Kuanzia hapo ulimwagiliwa kila jioni kwa maji ya kuoshea mchele.

Jioni hizohizo alianza matembezi ya mtaani, na hapo ndipo nilipogundua kwamba chama kilikuwa kimekosa mwenyekiti. Huyu hajafagia. Huyu mti wake unaegemea paa, siku ya upepo atalia. Yule ana majani makavu mlangoni, mkewe yuko wapi? Kuna mzee wa chama anayepita na gari polepole akipiga picha nyumba zenye kasoro. Nina hakika nusu ya aliyoyaona mama yeye hajawahi kuyaona. Mama alimpenda sana mzee huyo. Alimdhania amepotea njia, kwa hiyo kila akipita humpungia mkono.

Barua ikaja kwa rejista, kwa kuwa sheria ya Texas inataka upewe taarifa hivyo kabla ya kutozwa faini, upewe muda wa kurekebisha, na siku 30 za kuomba kusikilizwa. Ndani mlikuwa na picha ya rangi ya ushahidi: dirisha letu, udongo, mchicha umestawi, na kulia kabisa mama na kanga zake, mkono juu, meno yote nje. Aliomba nakala ya kupeleka nyumbani.

Mke wangu, msomaji wa maandishi madogo, ndiye aliyeona mlango wa kutokea. Tangu 2013 sheria ya jimbo hilo inavizuia vyama kupiga marufuku bustani za mimea isiyohitaji maji mengi; kinachotakiwa ni kupeleka mpango kamatini uidhinishwe. Tukakaa mezani na fomu, yeye akisoma na kutafsiri, mama akijibu.

Jina la mmea? Mchicha. Unavumilia ukame? Kuliko ukoka wenu. Urefu wake ukikomaa?

"Haukomai," mama akasema. "Waandikie unaliwa."

Ikaandikwa hivyohivyo. Baada ya wiki kadhaa fomu ikarudi, jibu hilo limezungushiwa duara jekundu na pembeni pameandikwa swali: unaliwa na mnyama gani?

Mama akasema hilo halijibiwi kwa karatasi. Akanituma nazi.