Kuku wa Mama Mkwe na Besi ya Watu

Tarumbeta ndogo haina matata. Mpigaji huenda nayo kwake, huiweka juu ya kabati, na akihamia Tanga huhama nayo, ndipo kamati ya kikundi cha tarumbeta cha usharika inapoanza kumtafuta kwa simu. Besi, tarumbeta kubwa ya sauti ya chini, ni habari nyingine. Haiingii begani wala kabatini, na bodaboda akiiona hupandisha nauli. Yetu ililala chumba cha mchungaji mpaka paa likavuja masika, ikalala kwa mwenyekiti mpaka wajukuu wakaigeuza gari. Mume wangu alipochaguliwa kuwa mtunza mali wa kikundi, ikahamia kwetu Magamba. Hakuna aliyeniuliza.

Huku milimani tarumbeta ni urithi wa kanisa. Wamisionari Wajerumani wa Betheli, Johanssen na Wohlrab, walifika Mlalo mwaka 1891, na kwao Bielefeld ndiko alikotumika mchungaji Johannes Kuhlo, aliyezipenda tarumbeta hata Wajerumani wakamwita jenerali wa tarumbeta. Kuhlo alitaka wapigaji wote, wa sauti ya juu na wa besi, wasome nota zilezile za kitabu cha nyimbo bila kuzihamisha. Kikundi chetu husoma hivyo hadi leo, na ndiyo maana mgeni mmoja kutoka kwa wafadhili wetu alipotuletea pembe ya bendi ya jeshi, iliyotengenezwa kwa ufunguo tofauti, ilitoa wimbo wake peke yake huku wenzake wakiimba mwingine. Tuliipokea kwa makofi. Zawadi hairudishwi. Imo daftarini, imo kabatini, na kila mwaka hupigwa picha ya kuwapelekea wafadhili, imeng'arishwa kwa limau na majivu kuliko zote zinazofanya kazi.

Besi nayo ilitoka kwa wafadhili haohao. Mume wangu aliilaza chumba cha wageni, akaisokomeza blanketi kuukuu mdomoni ili panya wasiingie. Kisha mama mkwe akaja kutoka Mtae kwa ajili ya matibabu ya macho, mkononi kikapu, kikapuni kuku. Hakuwa zawadi. Alikuja naye kwa sababu hakuna jirani anayemwamini. Kwa baridi ya Magamba kuku halali nje, basi wakagawana chumba: mama kitandani, kuku popote atakapo.

Alitaka mdomo wa besi.

Tuligundua Alhamisi, siku ya mazoezi, mume wangu alipoinama kuibeba akadonolewa kidole. Mayai yalikuwa chini ya mbawa, juu ya blanketi lile.

"Mama, naomba umtoe."

"Kuku aliyeatamia hatolewi, mwanangu. Siku 21. Umesoma, hesabu."

"Lakini besi ni ya watu."

"Na kuku ni wangu. Hao watu waje."

Wakaja. Kamati nzima ilikaa sebuleni kwangu, ikanywa chai yangu, na katibu akafungua katiba ya kikundi mahali panapokataza mali ya kikundi kutumika kwa shughuli binafsi bila kibali. Kifungu hicho kilitungwa baada ya vijana kuonekana nyuma ya pikapu wakimpigia bibi harusi matarumbeta ya usharika, malipo mfukoni mwao. Sasa wazee wakabishana kama kuatamia ni shughuli binafsi. Mweka hazina alisema ni binafsi, tena ya kibiashara. Mwenyekiti, ambaye wajukuu wake walikuwa wameibonyeza besi hiyohiyo, alipendekeza busara. Katibu akaenda kusimama mlangoni mwa chumba cha wageni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba."

"Tumekuja kuhusu kibali."

"Kamwombe kuku."

Hapo ndipo nilipomwelewa mama mkwe kuliko miaka yote ya ndoa yangu. Yule kuku alikuwa na mwenyewe, mmoja, anayemjua hata kwa mlio. Besi ilikuwa na wenyewe ishirini na kitu, na siku ya kuiosha sikuwahi kumwona hata mmoja.

Jumamosi kukawa na maziko ya mzee wa kanisa. Kikundi kilitoka bila besi, kwenye ukungu ambao hauonyeshi hata jeneza. Shaba ikipoa sauti hushuka, kwa hiyo wapigaji wa huku hukumbatia vyombo ndani ya makoti na kuvipulizia hewa kimya kimya kabla ya wimbo. Hata hivyo walishuka, kila mtu kwa kiasi chake, na chini hapakuwa na wa kuwashikilia. Nilijiwazia kwamba chombo pekee chenye joto la kutosha katika usharika mzima kilikuwa kwangu, chini ya kuku.

Vifaranga walitoka wote isipokuwa wawili. Besi ikaingia beseni la kufulia: maji ya uvuguvugu, sabuni, kitambaa kilichofungwa kwenye kamba na kuvutwa kutoka kona hadi kona. Niliosha mimi. Bado, kwenye mazoezi ya kwanza sauti ya chini kabisa ilitoka na manyoya. Vali moja ikagoma, ikabidi ishuke kwa fundi wa rejeta Mombo, ambaye hajawahi kuisikia ikipigwa lakini ndiye anayeijua kuliko sisi.

Gharama hiyo ikazua kikao kingine. Mweka hazina alidai kodi ya pango, ilipwe kwa vifaranga. Mama akasema wao ndio wamdai yeye, kwa kuwa ameilinda mali yao usiku na mchana na panya hawakuikaribia. Hoja hiyo haikupata mjibu. Mwishowe akatoa kifaranga mmoja kwa hiari yake, kwa sharti apelekwe kwenye sadaka ya mavuno, fedha yake inunue mafuta ya vali.

Mnada wa sadaka hiyo ulifanyika uani baada ya ibada, kama kawaida, na zamu ya kifaranga ikaja baada ya ndizi, viazi na kikapu cha peasi. Kifaranga alianza kwa bei ya kifaranga. Mama mkwe alikuwa amekaa mbele, kitambaa kikiwa jichoni, jicho zima likimtazama mwanawe. Mume wangu akanyoosha mkono. Mweka hazina akapandisha. Mume wangu akapandisha. Walipofika bei ya jogoo mkubwa watu wakaanza kushangilia, mweka hazina akatabasamu, akakunja mikono, na mume wangu akanigeukia, maana pochi ilikuwa kwangu.