Ugonjwa Usiopelekewa Machungwa

Kuna magonjwa yenye heshima zake. Ukisema presha imepanda, watu wanakuachia kiti, wanapunguza sauti ya redio, na jioni majirani wanakuja kukupa pole na mfuko wa machungwa. Ukisema malaria, bosi mwenyewe anakwambia kapumzike. Sasa jaribu kupiga simu ofisini useme leo huji kwa sababu ya ukucha. Bosi wangu alikaa kimya kidogo, kisha akauliza, "Ukucha wa nani?"

Wangu, bosi. Wa kidole gumba cha mguu wa kulia, upande wa ndani, pale pembe yake ilipoamua kuacha njia na kuchimba nyama. Kwa nje hapakuwa na kitu cha kumtoa mtu machozi: wekundu, uvimbe, usaha kwa mbali. Lakini usiku shuka likipita juu yake, niliamka nikiwataja mababu zangu kwa majina, hata wale ambao sikujua kama nawajua. Kidole gumba ndicho kinachousukuma mwili mbele kila unapoinua mguu. Kikigoma hicho, kwenda chooni tu kunahitaji mipango ya mapema.

Mambo yalianzia harusini. Rafiki yangu alikuwa anaoa, mimi ndiye msimamizi wake, na kamati ya harusi ikapitisha kwamba wanaume wote wa msafara tuvae viatu vya aina moja: vyeusi, vinavyong'aa, vilivyochongoka kiasi kwamba mtu mwenye vidole vitano alikuwa na vidole viwili vya ziada. Navaa namba 43. Nililetewa 42. Aliyetumwa kununua alikuwa kaka wa bibi harusi, mtu hodari wa kubana bajeti, na nilipolalamika alikiminya kiatu kwa dole gumba lake lililokuwa huru kabisa, akasema, "Usijali shemeji, ngozi hii itaachia tu."

Tulitoka kanisani tukaenda kupiga picha ufukweni, kutoka ufukweni tukaenda ukumbini, na ukumbini MC akatangaza kwaito. Ngozi haikuachia. Kilichoachia ni kidole.

Ukucha wa mguuni hukua polepole, kama milimita moja na nusu kwa mwezi, ukitokea kwenye mzizi uliojificha chini ya ngozi. Ukiachwa na nafasi yake, hupita juu ya nyama bila ugomvi. Kiatu kikibana, nyama ya pembeni inasukumwa juu ya ukingo wake. Na kama pembe ilikatwa kwa kuzungushwa, mara nyingi hubaki kijincha ambacho macho hayakioni, na kila hatua inakizamisha zaidi. Nyama ikichomwa inavimba, na ikivimba inazidi kuukumbatia ukucha unaoichoma. Ni ile ndoa ya watu wanaoumizana kila siku na hawaachani.

Kuhusu kuzungusha pembe, mtaani kwetu kuna kijana wa kucha anayepita mchana na kindoo chake, brashi, wembe na chupa za rangi anazozigonganisha ili watu wajue yupo. Ukimpa mguu, hakurudishii mpaka kila ukucha umefuata mviringo wa kidole, maana wateja wanasema ndivyo unavyopendeza. Waume kadhaa wanamlalamikia kwamba anashika miguu ya wake zao muda mrefu kuliko inavyohitajika. Mimi naona wamekosea shtaka. Wangemshtaki kwa zile pembe, kesi ingesimama.

Dar es Salaam ukichechemea umetangaza shida yako kwa umma. Asubuhi moja nilipanda daladala ya Kariakoo, konda akipiga bati, "Mzee, panda, gari halisubiri mguu!" Nikapata pa kusimama, nikaupanga mguu wangu pembeni ya kiti kwa uangalifu mkubwa. Kituo kilichofuata akapanda mama mmoja na ndoo ya samaki, naye akaanza kuishusha palepale.

"Mama, shikamoo. Naomba usiishushe hapo."

"Marahaba mwanangu. Kwani hapo pana nini?"

"Pana ukucha."

Gari zima likacheka, na baada ya kucheka likageuka zahanati. Dada wa siti ya nyuma aliniandikia kitunguu saumu kilichopondwa. Kijana mwenye spika za simu alishauri mafuta ya taa. Konda, akiwa nusu ndani nusu nje, alisema dawa ni kukata herufi V katikati ya ukucha ili pande mbili zijivute zenyewe kuja katikati. Binamu yake alifanya hivyo na sasa anacheza mpira. Mzee mmoja mwenye kofia hakushauri dawa yoyote. Aliniangalia kwa huruma akaniambia nimetegwa, nilikanyaga kitu cha mtu. Nilifikiria kumweleza kuhusu namba 42, nikaona maelezo yake yana heshima zaidi kuliko yangu.

Yule mama wa samaki alisubiri wote wamalize, akasema, "Loweka kwenye maji ya uvuguvugu yenye chumvi, mwanangu, na vua hivyo viatu." Hakuna aliyemsikiliza, kwa sababu ndoo yake ilikuwa inanuka na ushauri wake haukuwa na msisimko wowote.

Ndiye pekee aliyepatia. Kitunguu saumu kibichi kikikaa juu ya ngozi huweza kuiunguza, kwa hiyo unakuwa na magonjwa mawili. Mafuta ya taa kazi yake unaijua. Na ile V ya konda haina kosa ila moja: sehemu ya ukucha tunayoiona imeshakufa. Haina habari kwamba katikati pamekatwa, wala haiwezi kujivuta kwenda popote. Ukucha unapokea amri kutoka kwenye mzizi tu.

Daktari niliyemwona alikuwa kijana ambaye ningeweza kumzaa, lakini mpole. Aliniambia ningewahi mapema, ningemalizana nao nyumbani: mguu kwenye maji ya uvuguvugu dakika 15 hadi 20, mara kadhaa kwa siku, kisha kuukausha vizuri, na kuchomeka kipande kidogo cha pamba safi chini ya pembe ili ukucha uinuke na kupata njia. Kipande kibadilishwe kila siku, na viatu viwe vya wazi. Wengi hupona hapo. Lakini mimi nilikuwa na usaha, na nyama nyekundu ilishaota juu ya ukucha kama mwenye kiwanja. Kwa hali hiyo ukingo wenyewe lazima uondolewe.

Ganzi ya kidole huchomwa kwenye shina lake, pande zote mbili, na hizo sindano ndizo sehemu mbaya ya shughuli nzima. Nilifumba macho, nikasikia baridi, nikapiga yowe lililomleta muuguzi mlangoni.

"Mzee," daktari akasema, "hiyo ni spiriti. Nasafisha tu."

Sindano zenyewe zilipokuja sikuwa na sauti iliyobaki. Baada ya hapo kidole kikawa cha mtu mwingine. Alikifunga mpira shinani kuzuia damu, akakata kamkanda kembamba cha ukucha upande ule mbaya kuanzia juu hadi kwenye mzizi, kisha akapaka fenoli kwenye kile kipande cha mzizi ili upande huo usiote tena. Ukucha uliobaki unakuwa mwembamba kidogo, na hakuna atakayejua ila muuza viatu. Alinionyesha alichokitoa, kwenye kibakuli cha chuma: kijiti cha upana wa milimita chache. Niliona aibu. Nilitaka kitu kikubwa zaidi, cha kupeleka ofisini kama ushahidi.

Kwenye foleni nilikuwa nimekaa na mzee mwenye kisukari, naye akiwa na kidole kama changu, tena kibaya zaidi, na halalamiki hata kidogo. Nilidhani ni ujasiri. Kumbe kisukari huweza kufisha hisia za miguu, kwa hiyo kidonda kinakua bila kupiga kelele, na kupona kwake ni kwa taabu. Aliingizwa yeye kwanza na ilikuwa haki. Mwenye kisukari, au mwenye miguu isiyopata damu vizuri, asijaribu pamba wala maji nyumbani. Aende hospitali siku ileile anapoona wekundu. Na yeyote ambaye wekundu unapanda mguuni au homa inaingia, naye asisubiri.

Kinga yake ni rahisi mpaka inakera. Kata kucha za miguu moja kwa moja kwa upana, usawa wa ncha ya kidole, zisiwe fupi sana. Pembe ziache zionekane. Tumia kikata kucha au mkasi, wembe uachie ndevu, na kama ukucha ni mgumu, kata baada ya kuoga ukiwa umelainika. Watoto wapimwe miguu kila kiatu kipya cha shule kinaponunuliwa, maana mtoto hasemi kwamba kiatu kinabana mpaka kishapasuka. Na viatu vinunuliwe jioni, kwa sababu miguu huvimba kidogo kadiri mchana unavyokwenda. Kinachokukaa vizuri saa mbili asubuhi kinaweza kukugeuka saa kumi.

Basi nilikwenda soko la Karume jioni, mguu umepona, kutafuta viatu vya mtumba vya harusi nyingine. Muuzaji akanichagulia jozi nzuri ya ngozi ya kahawia. Nikavaa, nikasimama, nikajaribu kuvichezesha vidole. Havikucheza.

"Vinabana," nikamwambia.

"Ngozi halisi hiyo, bosi. Vitaachia tu."

Nikavivua, nikavipanga vizuri mahali pake, nikamwandikia namba yangu ya simu kwenye kipande cha boksi.

"Vikishaachia, nipigie."