Mashujaa wa Barabara ya Morogoro

Dar es Salaam haina uhaba wa majasiri. Mabasi ya mwendokasi yalianza mwaka 2016, na hadi leo kuna wanaume wanaoyakatizia pale Manzese, simu sikioni, daraja la waenda kwa miguu likiwa juu ya vichwa vyao. Jioni hupanda bodaboda mishikaki, kofia ngumu ikining'inia kwenye usukani.

Sasa mwambie shujaa huyo amdai konda chenji yake ya shilingi mia mbili. Anageukia dirishani. Amuulize bosi mshahara wa mwezi juzi? “Tumpe muda, hali ngumu.” Aache kazi hiyo, afungue genge? Anashtuka: “Kaka, maisha hayachezewi!”

Naam. Labda barabarani tu.