Ombi la Vitambulisho kwa Watu Wasiojulikana

Mheshimiwa Waziri wa Mambo ya Ndani ya Nchi,

(Jina nimeliacha ili nisiharibu bahasha. Tangu 2016 wamepita Kitwanga, Mwigulu, Lugola, Simbachawene, Masauni, Bashungwa, na Posta yetu ina mwendo wake.)

Naja mbele yako kuliombea kundi lililosahaulika na mamlaka ya vitambulisho, NIDA: watu wasiojulikana. Sisi wengine tumejulikana mpaka tumechoka. Nina namba ya tarakimu 20, na bila kuweka kidole sipati hata laini ya simu. Mkulima aliyeliwa alama za vidole na jembe huambiwa arudi kesho. Wao kazi yao yote ni ya mikono, na alama haionekani popote.

Waandikishwe, mheshimiwa. Kwa kuwa mchana hawapatikani, maofisa wawafuate usiku kwenye magari yao yasiyo na namba. Trafiki, mwenye macho ya kuona taa ya bajaji iliyoungua kutoka mtaa wa pili, atawaelekeza. Fomu wajaze bila haraka. Kazi: usafirishaji. Makazi: popote. Barua ya serikali ya mtaa isiwape shida, mwenyekiti ataigonga muhuri huku akitazama chini. Mtihani ni picha, maana kofia na barakoa haziruhusiwi. Wapigwe kisogo. Mashahidi wengi watawatambua vizuri zaidi kwa upande huo.

Septemba 2024 Ali Kibao, kada wa Chadema, alishushwa nao kwenye basi Tegeta, abiria wakitazama. Kesho yake maiti yake ikaokotwa Ununio. Mwandishi wa habari Azory Gwanda alichukuliwa Kibiti Novemba 2017. Uchunguzi wake ungekuwa mtoto, sasa angekuwa anajua kusoma na kuandika. Mnatuambia tuwe na subira. Subira ipi, ya mke anayebakiza chakula cha mtu asiyerudi? Mnalala vipi nyie?

Samahani, mheshimiwa. Kalamu imeteleza.

Naomba pia maneno "uchunguzi unaendelea" yapewe likizo. Na kama ofisini kuna picha ya marehemu Mzee Mwinyi, aliyejiuzulu kiti chako hicho 1977 kwa mauaji ya mahabusu huko Shinyanga ambayo hakuyafanya yeye, igeuziwe ukutani, isikuharibie siku.

Vitambulisho vikiwa tayari, wahusika waitwe waje kuchukua. Kuchukua wanajua.

Wako mtiifu,
Anayejulikana