Kidoti cha Bibi Harusi

Duka langu la steshenari hapa Mtwara linaishi kwa picha za pasipoti na, minada ya korosho ikishaanza, kadi za harusi. Kioo cha kompyuta kwangu si pambo. Cha zamani kilipozima, nikaenda kutafuta mtumba wa Dubai, inchi 24. Nikaandamana na shemeji, ambaye hajawahi kumiliki kompyuta lakini hakosi neno.

Muuzaji akawasha video ya samaki wa rangi rangi. "Bosi wangu, Full HD hiyo!" Full HD ni nukta 1920 kwa 1080, zaidi ya milioni mbili, lakini samaki wale wangependeza hata kwenye sufuria iliyosuguliwa. Nikamwomba aweke nyeupe tupu.

"Nyeupe ya nini, bosi? Unanunua ukuta?"

Akaiweka. Kulia kidogo mwa katikati pakatokea kitone cheusi. Akakipuliza, akakipangusa kwa pindo la shati. Wapi! Nukta ikishakufa haifufuki kwa shati. Nikafungua picha ya setilaiti ya mlango wa Mto Ruvuma. Kitone kikatua majini, upande wa Msumbiji.

"Huo mtumbwi," shemeji akatoa hukumu.

Nikasogeza picha. Mto ukahama na nchi mbili zake, mtumbwi ukabaki palepale. Shemeji akasema basi umetia nanga.

Nikachuchumaa nikitazama kutoka chini: weupe ukawa giza, giza likawa weupe. Hiyo ndiyo tabia ya vioo vya aina ya TN. Vya IPS havigeuki hivyo, ila bei yake ndefu. Kisha nikaweka picha niliyopiga mwenyewe Msimbati. Mchanga ukaonekana wa samawati! Hilo halikunitisha. Nikabonyeza vitufe vya chini, nikapunguza buluu, mchanga ukarudi kuwa mchanga. Rangi hurekebishika, kitone hapana, na kwa ajili ya kitone bei ikashuka kutoka laki na themanini hadi laki na ishirini. Kwa kazi yangu, hiyo ni bei halali; nikakinunua.

Kasheshe likaja na bibi harusi. Alipoiona picha yake kwenye kioo alitabasamu: kitone kilikuwa kimemkaa shavuni, kidoti cha kupendeza. Kadi zilipotoka kwenye printa, shavu jeupe pee.

"Kidoti changu kiko wapi?"

"Hukuwa nacho, dada."

Shangazi mtu akaingilia: "Baba, sote tumekiona. Kirudishe." Nikakichora. Kadi zikatoka safi, nikalipwa. Ila kwenye kioo changu ana viwili.

Wewe unayekwenda kununua, omba nyeupe, nyeusi, nyekundu, kijani na buluu, kila moja ijaze kioo kizima. Beba picha uliyopiga mwenyewe, ya kitu unachokijua rangi yake. Na shemeji mwache nyumbani.